Lenzi za babu ninazo, je, ni kamera gani ya bei nafuu itakayozifaa?

MjukuuWaKaloleni
Hamjambo wenzangu. Babu yangu, aliyekuwa akipiga picha za harusi na za pasipoti hapa Nairobi enzi za filamu, ameniachia lenzi tatu: Nikkor ya milimita 50, Nikkor ya milimita 135, na Helios 44-2 ya milimita 58 iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti. Zote hulengwa kwa mkono. Nilipoifunga ile ya 50 kwenye Nikon D3200 ya rafiki yangu iliingia bila taabu, lakini kamera haikupima mwanga, na picha nyingi zilizoonekana kali katika kichungulio, yaani kidirisha cha kutazamia, zilitoka bila ukali. Helios haikuingia kabisa. Nimetenga shilingi 50,000 kwa bodi ya mtumba, na muuzaji mmoja wa barabara ya Luthuli ananihakikishia kwamba ninunue yoyote isiyo na kioo kwa kuwa zote ni sawa. Je, ni kweli? Nia yangu hasa ni kuwapiga picha nyanya na shangazi zangu wakiwa nyumbani, na nyumba yetu ni ndogo.

MzeeWaFilamu
Mjukuu, pole kwa kuondokewa, na hongera kwa kutoziuza. Muuzaji wako amesema nusu ya kweli. Kamera yenye kioo huhitaji nafasi ya kioo hicho kupanda na kushuka, kwa hiyo lenzi hukaa mbali na sensa, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu: kwa Nikon yenye kioo, kama ya rafiki yako, umbali huo ni milimita 46.5. Lenzi za skrubu za M42, kama Helios yako, zilibuniwa kukaa milimita 45.46, yaani karibu zaidi, na ndiyo maana hata ukipata adapta, yaani kiungo cha kufungia lenzi ngeni, isiyo na lenzi ya kusahihisha ndani yake, kwenye Nikon ile haitalenga vitu vya mbali. Kamera za Sony za mlango wa E, yaani aina ya mdomo wa kufungia lenzi, hazina kioo na zina milimita 18 tu. Hapo inabaki nafasi ya kuweka bomba tupu la chuma, lisilo na lenzi ndani wala nyaya, na lenzi zako zote tatu zitalenga kama zilivyolenga kwa babu yako.

Ambapo si sawa hata kidogo ni ukubwa wa sensa na ubora wa kichungulio. Mtu anayelenga kwa mkono hutegemea macho yake, na macho hutegemea kichungulio, kwa hiyo mimi ningetoa fedha huko kabla ya kuhesabu megapikseli. Sony NEX-6 ya mwaka 2012 ina megapikseli 16 pekee, lakini kichungulio chake kina nukta takriban milioni 2.36, ilhali A6000 iliyokuja mwaka 2014 na megapikseli 24 ilishushiwa hadi milioni 1.44. Wauzaji wengi hawalijui hilo, au wanalijua na wananyamaza.

DadaWaPangani
Naheshimu ushauri wa Mzee, ila nyumba ndogo inabadilisha hesabu. Kwenye NEX-6 na A6000 sensa ni ndogo kuliko fremu ya filamu, hivyo Helios ya 58 itaona kama lenzi ya 87, na ile ya 50 kama ya 75. Niliishi na jambo hilo miaka miwili katika chumba kimoja: kila nikitaka kumpata mtu hadi kiunoni, mgongo wangu ulikuwa umeshagusa ukuta. Kamera za Olympus zenye sensa ndogo zaidi hukaza picha mara mbili, ingawa E-M5 hutuliza mtikiso ndani ya bodi, mradi uiandikie mwenyewe urefu wa lenzi uliyofunga.

Kwa hiyo, ukiweza kuongeza kidogo, subiri Sony A7 ya kwanza, ya mwaka 2013. Ina sensa ya fremu nzima, yaani yenye ukubwa wa fremu ya filamu, na 58 inabaki 58. Betri yake huisha upesi, na haitulizi mtikiso. A7 II ndiyo iliyoongezewa hilo, lakini sidhani utaipata kwa fedha hizo.

MjukuuWaKaloleni
Asanteni sana, Mzee na Dada. Nimeambiwa pia kwamba kamera hizi huchora rangi kwenye kingo za kitu kilicholengwa. Je, niitegemee rangi hiyo?

MzeeWaFilamu
Itegemee kama unavyomtegemea utingo anayekwambia gari limebakiza nafasi moja. Ukiifungua Helios hadi f/2, yaani wazi kabisa, na kumsogelea nyanya yako, rangi itapaka kope, nyusi na hata ncha ya pua kwa wakati mmoja, ilhali kilicholengwa kweli ni kimoja tu. Itumie kukaribia, kisha bonyeza kitufe cha kukuza sehemu ya picha, ulenge kope, ndipo upige. Helios hiyo ina pete mbili za kitundu kinachopitisha mwanga: moja huweka kikomo, na nyingine hufungua na kufunga bila kugota. Kwa kuwa kichungulio cha kielektroniki hujiongezea mwanga, huna haja ya kulenga ikiwa wazi kisha kuifunga kama tulivyofanya sisi. Na usishtuke kamera ikikataa kupiga siku ya kwanza: inadhani haina lenzi, kwa hiyo tafuta katika menyu mpangilio wa kuiruhusu kupiga bila lenzi.

DadaWaPangani
Kabla ya kununua chochote, zimulike lenzi hizo kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi zinazofanana na utando wa buibui ni kuvu, na gharama ya kuisafishia itakula bajeti ya adapta. Adapta nayo ijaribu papo hapo: panda ghorofani siku isiyo na mawingu, lenga vilima vya Ngong, na kama havionekani vikali hata pete ya kulenga ikifika mwisho, adapta ni nene mno, irudishe.

MjukuuWaKaloleni
Nimezimulika. Ile ya 135 ina nyuzi pembeni, mbili nyingine ni safi. Nitaitenga isiambukize wenzake, nianze na adapta ya M42 peke yake, na niisubiri A7 hadi mwisho wa mwezi.