Riwaya naipenda, fikra zake nazikataa. Nimpe mdogo wangu au nifiche?

Mtoto wa Kihamba

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Niko Moshi, ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Miezi miwili iliyopita nilikuwa Kiboriloni kwenye mitumba, chini ya rundo la suruali nikakuta kitabu kinene kama tofali: Atlas Shrugged, riwaya ya mama mmoja anaitwa Ayn Rand. Nikakiokoa kwa 3,000. Tangu siku hiyo silali mapema.

Kwa asiyekijua: kilitoka Marekani mwaka 1957, kurasa zaidi ya 1,000. Kuna dada anaitwa Dagny, anahangaika kuiokoa kampuni ya reli ya ukoo wao huku kaka yake na wakubwa wa serikali wakiimaliza kwa amri na vikao. Wakati huohuo watu hodari, wavumbuzi na wenye viwanda, wanatoweka mmoja mmoja. Kumbe wamegoma. Ujumbe wenyewe ni kwamba mtu hana deni kwa jirani yake, kujinyima kwa ajili ya wengine ni kosa, na serikali ibaki na polisi, mahakama na jeshi, basi.

Hayo siyakubali. Mimi ni mtu wa ushirika, nimesomeshwa kwa michango ya ukoo na kahawa ya bibi. Lakini humo ndani kuna Hank Rearden, mwenye kiwanda cha chuma. Mama, mke na mdogo wake wote wanaishi kwake, wanakula kwake, na wanamsema. Siku moja mdogo wake anamwomba dola 10,000 za kikundi chake cha hisani. Rearden anakubali. Jamaa anamjibu: basi nipe taslimu, maana jina lako litatuaibisha. Wakuu, nilicheka hadi mke wangu akaamka. Ndugu wa hivyo ninaye! Desemba sisi Wachaga tukipanda nyumbani kuhesabiwa, yaani kukutana na ukoo, yeye ndiye wa kwanza kuikagua gari yangu na kuisema, na ndiye wa kwanza kuomba nimpeleke mjini.

Sasa mdogo wangu wa kidato cha sita kaniona nacho, anakitaka. Nimpe? Na mimi ninayekipenda hivi, je, si mnafiki pale chamani ninapowahimiza wazee walete kahawa kwa pamoja?

Dereva wa Noah

Mpe tu mkuu. Kuna hotuba ya redioni humo mwishoni, kama kurasa 60, mtu mmoja anaongea bila hata kunywa maji. Dogo akifika hapo usingizi utamaliza kesi yako.

Mama Wawili

Mimi nilikisoma Arusha nikiwa na likizo ya uzazi. Sehemu ya handaki umefika? Mwanasiasa ana haraka, analazimisha treni ya abiria iingie kwenye handaki refu ikivutwa na injini ya makaa ya mawe. Kila mkubwa anajua watu watakufa kwa moshi, na kila mmoja anarusha karatasi kwa mwenzake ili saini isiwe yake. Hapo yule mama ni fundi, tusidanganyane. Nani hapa hajawahi kuzungushwa madirishani namna hiyo?

Halafu anapita behewa kwa behewa akitueleza kila abiria alikuwa anaamini nini, kana kwamba moshi ule ni haki yao. Mmoja ni mama aliyewalaza wanawe wawili kitanda cha juu. Kosa lake, mumewe yuko serikalini. Wangu walikuwa wamelala pembeni yangu. Nilikifunga, nikakaa wiki nzima bila kukigusa.

Juni 2002 treni ilirudi nyuma kule Igandu, Dodoma, ikaua zaidi ya watu 200. Sikumbuki mtu aliyeuliza marehemu walikuwa na fikra gani. Mpe dogo, ila akifika handakini msome pamoja.

Karakana Sombetini

Mnamponda bure. Azimio la ujamaa lilipitishwa hapahapa Arusha mwaka 1967, tukalijaribu, mwaka 1991 wakubwa wenyewe wakalilegeza kule Zanzibar. Mimi nachomelea mageti. Kitabu hiki kilinitoa aibu ya kutaja bei yangu mbele ya "ndugu". Naungana naye karibu kwa yote.

Fundi Reli

@Karakana, bei taja, ila reli tusidanganyane. Kitabuni babu yake Dagny anajenga reli bila kupokea hata senti ya serikali. Marekani yenyewe, reli ya kwenda Pasifiki ilijengwa kwa sheria ya mwaka 1862 iliyozipa kampuni ardhi na hati za mkopo. Na hii yetu ya Moshi ilikuwa imeota nyasi, mbuzi wakilala katikati ya reli; treni ya abiria iliporudi Desemba 2019, aliyeirudisha ni serikali, si Dagny.

Babu wa Mfongoni

Mjukuu wangu, hujambo. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, na KNCU yetu, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro tangu 1933, ikaenda na maji. Baba yangu alitembea na stakabadhi mfukoni hadi karatasi ikakatika kwenye mikunjo, malipo hayajafika. Kwa hiyo huyo mama akieleza ofisi inavyoua mkono wa mtu, namwelewa. Duka la dawa la baba yake lilitaifishwa na Wabolsheviki yeye akiwa binti kule Urusi. Ameumwa na nyoka, akiona ung'ongo anashtuka.

Lakini njoo nikuonyeshe mfongo, mfereji wetu wa maji, unaopita juu ya kihamba changu, shamba la ukoo. Mawe ya pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni yalipangwa na watu tusiowajua hata kwa majina. Siku ya kufukua tope, asiyetokea anatozwa. Akikaidi, zamu yake ya maji inapita. Nasikia mashujaa wa kitabu hicho wana bonde lao la siri Colorado. Mfereji wa huko anafukua nani?

Unafiki sioni. Mimi huimba nyimbo za kanisa lisilo langu.

Mtoto wa Kihamba

Shikamoo babu. Asanteni wote, hata wewe Karakana.

Marejesho: nimempa. Kafika ukurasa wa 90, jana kaniuliza mbona hao mashujaa wote wa kitabuni hawana watoto. Nikamwambia aendelee kusoma, maana jibu sina.

Ndugu yangu naye kapiga simu, ni ada ya mtoto. Nimetuma nusu. Jina langu limetokea lote kwenye ujumbe wa muamala, hajalalamika.