Wanafunzi wangu wanagombana juu ya DNA na Ushirazi, nisomeshe vipi?

Maalim_wa_Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie ni mwalimu wa historia, sekondari moja hapa Pemba. Nataka ushauri kabla ya Alkhamisi.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye miji ya mwambao na Ushirazi, yaani ile kauli ya baadhi ya watu wa mwambao kuwa asili yao ni Shirazi, Uajemi. Kijana mmoja akatoa karatasi aliyonakili kutoka grupu la WhatsApp la kwao, akasoma kwa sauti: "DNA imethibitisha, Waswahili asili yao Waajemi." Kisha akamgeukia mwenzake, ambaye babu yake alitoka bara kuja kuchuma karafuu akaoa hapa hapa, akamwambia, "Basi nyinyi wageni." Darasa zima likacheka. Yule mtoto hakujibu kitu. Alibaki anakwangua meza kwa ncha ya rula mpaka kengele ikalia. Siku ya pili hakuja skuli, wala ya tatu.

Na mie nilisema tu "nyamazeni, tuendelee". Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mwalimu mwenzangu ananambia niliache, maana mambo ya kabila kwetu yana makovu, na wazee wengine hata Mapinduzi ya 1964 hawataki kuyataja. Lakini nikinyamaza, mwalimu wao atakuwa yule wa grupu. Nianzie wapi?

BintiKojani:
Wa alaykum salaam Maalim. Kwanza mtoto, somo baadae. Nenda kwao leo baada ya laasiri, mwenyewe, usimtume mwanafunzi. Aibu ameipata mbele ya watu, na wewe ulikuwepo.

Mpima_Damu:
Nafanya kazi maabara, na utafiti huo nimeusoma wenyewe, si ule wa kutumiwa. Ulitoka Machi 2023 katika jarida la Nature. Walipima mabaki ya watu 80 wa kati ya 1250 na 1800 hivi, kutoka miji sita ya mwambao wa Kenya na Tanzania bara, Kilwa na Mtwapa zikiwemo, na mji mmoja wa ndani. Unguja na Pemba hazimo katika miji hiyo.

Walichokuta ni mchanganyiko. Kwa wengi wa watu wa mwambao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na ilitoka zaidi kwa wanawake. Sehemu iliyobaki, ambayo ni kubwa pia, ni ya Asia, na sehemu kubwa ya hiyo ililetwa na wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi, asili ya Uarabuni ndiyo iliyozidi kuingia. Kwa hiyo hadithi ya Washirazi iliyomo katika tarikhi ya Kilwa, yaani habari za kale za watawala wa mji huo, haikuwa uzushi. Lakini aliyeandika "asili yao Waajemi" amechukua nusu ya habari akaitupa ya mama.

Bi_Nasra:
Umenitoa machozi na hilo la mama. Sisi tukiulizwa nasaba tunahesabu baba, babu, baba yake babu, mpaka tunavuka bahari. Na bibi je? Aliyekaa, akazaa, akalea, akamfundisha mtoto kusema? Lugha tunayoandikia hapa ni ya Kibantu, na mtoto lugha huichukua mapajani kwa mamake. Maalim, waulize wanafunzi wako nani anaweza kutaja bibi zake watano kwenda juu. Utaona darasa litakavyotulia.

Kijana_wa_Makangale:
Kwetu nako kumepimwa. Mabaki ya kale kutoka pango la Makangale, hapa Pemba, yalikuwa katika utafiti uliochapishwa 2017. Mmoja aliishi kama miaka 1,400 iliyopita, na asili yake ni ya wawindaji waliokuwepo kabla ya wakulima. Mwingine wa miaka kama 600, yeye ni wa asili moja na Wabantu. Ukitaka kutafuta "mwenyeji", anza na yule mwindaji, halafu sote tujipange nyuma yake na pakacha zetu.

Shangazi_Leicester:
Mie nilipima DNA kwa mate, kwa ile mikebe wanayokuletea kwa posta. Asilimia nilizopewa mara ya kwanza si nilizonazo leo, na mate ni yale yale. Wanakulinganisha na watu waliomo katika hazina yao. Hazina ikiongezeka, hesabu inabadilika. Na ndugu yangu wa tumbo moja tumepishana.

Mpima_Damu:
Ahsante Shangazi, hapo ndipo pa kuwaonesha kwa vitendo. Maalim, chukua bakuli mbili, la baba na la mama. Kila moja lina kunde kumi na mbaazi kumi, zimechanganywa, mfano wa asili anazorithisha mzazi. Mwanafunzi afumbe macho, achukue punje kumi huku na kumi kule. Huyo ni mtoto wa kwanza. Rudisha punje, aje wa pili. Watahesabu wenyewe waone watoto wa nyumba moja hawatoki sawa. Kisha waambie ukirudi nyuma vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na jina la ukoo unalojivunia limetoka kwa mmoja tu kati yao.

Ongeza na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Ipo Afrika, ipo Uarabuni, ipo India. Mtoto huipata akirithi kwa baba na kwa mama, na haiulizi kabila.

Maalim_wa_Wete:
Allah awalipe kheri. Jana nilikwenda. Mtoto alikuwa uwanjani anaanua karafuu, mvua imeanza kunyesha, nikamsaidia kukunja jamvi. Nikamwambia, "Nilikosea kunyamaza." Mama yake akaniuliza, "Kwani hicho kipimo kinasema mwanangu si wa hapa?" Nikamjibu hakuna kipimo cha kusema hivyo, nikamweleza habari za bibi zetu. Akasema bibi yake mzaa mama ni wa Tumbe, hapa hapa Pemba, na hilo mtoto mwenyewe alikuwa halijui.

Ameahidi kuja Alkhamisi. Kunde nimepata, mbaazi bado. Yule mwenye karatasi nimemwomba ndiye ashike bakuli la mama.