Meza ya ushauri wa kisheria Mukuru: wakili wa mjini, klinika ya chuo na shirika letu waandikiane nini?

Mratibu_Viwandani

Habari zenu wakuu. Shirika letu dogo liko Mukuru, Nairobi, upande wa Viwandani. Tunataka kufungua meza ya ushauri wa kisheria bila malipo kila Jumamosi ya pili ya mwezi, katika ukumbi wa kanisa. Shida zinazoletwa zinajulikana: kibarua aliyekatwa kidole na mashine kisha akafukuzwa, mpangaji aliyefungiwa mlango, mjane anayesukumwa na wakwe. Ofisi moja ya mawakili imekubali kuleta mawakili 2, klinika ya sheria ya chuo kikuu wanafunzi 6, nasi tuna wasaidizi wa kisheria 3. Nia njema ipo, maandishi hakuna. Nani anaruhusiwa kufanya nini? Na ni makosa gani huvunja ushirikiano wa aina hii?

Cheti_na_Muhuri

Mratibu, anza na idhini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua nyote: ofisi ya mawakili, chuo chenye klinika, shirika la manufaa ya umma na msaidizi wa kisheria. Ila kutambuliwa si sawa na kuidhinishwa. Shirika liombe idhini kwa jina lake kutoka Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, na wale wasaidizi 3 wawe na vyeti vya mafunzo yanayokubalika. Msaidizi hafanyi kazi kivyake. Lazima awepo wakili au mtoa huduma aliyeidhinishwa wa kumsimamia. Jina la msimamizi huyo liandikwe kwenye makubaliano, msiache ikaeleweka tu.

Wakili naye awe na cheti cha mwaka unaoendelea. Vyeti huisha Desemba 31, kwa hiyo meza ya Januari ndiyo ya kuangaliwa sana. Tafuteni jina lake kwenye orodha ya mtandaoni ya LSK (Chama cha Wanasheria cha Kenya), mchapishe ukurasa huo na kuuweka kwenye faili la ushirikiano.

Wanafunzi wapokee maelezo, wapange stakabadhi kwa tarehe na waandike rasimu. Neno la ushauri litoke kwa wakili, hata kama mwanafunzi ndiye aliyegundua jibu. Kumwambia mteja "hii utashinda" kupigwe marufuku kabisa.

Hesabu ya foleni: mawakili 2 kwa saa 3, dakika 30 kila mtu, ni watu 12. Gaweni namba 10. Nafasi 2 zinazobaki zitaliwa na mwenye bahasha ya kaki iliyojaa risiti zilizofifia, na mtu huyo hakosekani.

Faili_Jumatatu

Nakubaliana na Cheti. Lakini mahali ushirikiano huvunjikia ni Jumatatu, mawakili wakisharudi mjini na wanafunzi darasani. Mteja anapiga simu kwa shirika, shirika linamwelekeza kwa wakili, wakili anasema yeye alitoa ushauri tu. Ndiyo maana kifungu cha kwanza kuandika kiwe hiki: faili ni la nani, na tangu saa ngapi?

Utaratibu unaofanya kazi: kabla mteja hajatoka ukumbini, wakili agonge faili muhuri mmoja kati ya mitatu: USHAURI, BARUA au KESI. Faili la USHAURI hufungwa siku hiyo hiyo, na mteja aondoke na karatasi ya nusu ukurasa kwa Kiswahili inayosema aliambiwa nini. La BARUA lipewe siku 7, na anayeandika atajwe kwa jina. La KESI hubaki mikononi mwa shirika mpaka ofisi ya mawakili ijibu kwa maandishi, ndani ya siku 5 za kazi, kama inalichukua. Ikilichukua, mteja atie sahihi maagizo kwa ofisi hiyo. Ikikataa, hati halisi zirudishwe na mteja atie sahihi kuwa amezipokea. Hati halisi ya mteja ikipotea hakuna atakayewaamini tena mtaani, kwa hiyo chukueni nakala pale pale na halisi arudi nazo nyumbani.

Sasa tarehe za mwisho. Chukua huyo kibarua wa kidole. Ana tarehe mbili za mwisho zinazokimbia pamoja. Dai la fidia chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Dai la kufukuzwa isivyo haki lina miaka 3. Anayepokea maelezo akisikia neno "kazi" anaandika miaka 3, faili linalala kabatini, na fidia ya kidole inapotea wakati wote wanadhani muda upo. Kwa hiyo juu ya jalada, kwa kalamu nyekundu, wakili aandike kila tarehe ya mwisho kivyake. Anayeishtaki Serikali kwa madhara ana mwaka 1 tu. Rufaa ya kesi ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 30.

Kalenda ya chuo nayo iingie kwenye makubaliano. Mwezi wa mitihani hakuna mwanafunzi atakayefuatilia barua, kwa hiyo wiki 2 kabla ya kufunga wakabidhi mafaili yote kwa orodha.

Mratibu_Viwandani

Asanteni sana, mihuri mitatu tunaichonga wiki hii. Maswali mawili zaidi. Ofisi ile imependekeza mteja akishinda, asilimia 10 igawanywe kati yao na shirika, iwe ya nauli na chai. Pia wateja wengine huzungumza Kikamba au Kisomali, na tumezoea jirani kutafsiri.

Siri_ya_Mteja

Ndugu Mratibu, hiyo asilimia 10 kataeni. Anayetoa msaada wa kisheria haruhusiwi kudai malipo kwa anayesaidiwa. Sheria ya Mawakili nayo haitambui mapatano ya wakili kulipwa pale tu mteja anaposhinda kesi, na wakili haruhusiwi kugawana ada na asiye wakili. Shirika likipokea mgao huo litaonekana linampigia wakili debe kutafuta wateja, na hilo ni kosa. Nauli na chai ziwe kwenye bajeti yenu. Ada za mahakama ziandikwe waziwazi nani atalipa. Asiyejiweza anaweza kuomba kushtaki kama maskini chini ya Agizo la 33 la Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010.

Kuhusu mkalimani, Sheria ya Ushahidi inalinda siri kati ya mteja na wakili, na ulinzi huo unawafikia wakalimani na makarani wa wakili. Jirani aliyevuta kiti kwa hisani hayumo. Ofisi ya mawakili imteue mkalimani kwa barua, atie sahihi ya kutunza siri, na asiwe jamaa wala mpangaji wa nyumba moja na mteja. Viti vya wateja viipe mgongo foleni. Ukumbi wa kanisa huvuma, na mjane hatataja jina la shemeji yake akijua benchi zima linasikia.

Picha za hati zisipitie kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanaojitolea. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Simu ya mwanafunzi ikiibwa stejini, mtajuaje ilikuwa na nini?

Cheti_na_Muhuri

Nyongeza ya haraka. Alhamisi kabla ya meza, tumeni kwa ofisi majina ya wateja na ya wanaolalamikiwa. Ikiwa inamwakilisha mwenye nyumba au kiwanda husika, mteja huyo apelekwe kwingine mapema, asikalishwe saa 2 kisha aambiwe haiwezekani. Tafuteni ofisi ya pili kwa ajili hiyo.

Madai ya mshahara yasipelekwe Mahakama ya Madai Madogo kwa sababu tu hayazidi shilingi 1,000,000. Ajira haimo katika mamlaka yake. Mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi, mahakimu walioteuliwa kwa kesi za ajira husikiliza.

Na hati za kiapo: wakili anayemwakilisha mteja haruhusiwi kumwapisha katika shauri hilo. Mkiwa na mawakili 2 wa ofisi moja, msiwategemee kugonga muhuri wa kiapo. Ile ofisi ya pili ilete kamishna wa viapo saa 6 mchana, hati zikiwa zimeshachapwa.