Nyie mnaotuma imeili zilizo picha tu bila maandishi mmenikosesha usaili

Wakuu nimekasirika mpaka mikono inatetemeka, nitaandika inavyokuja tu.

Ijumaa jioni imeili imeingia kutoka kwa watu niliowaomba kazi, kichwa chake "Asante kwa kuomba nafasi". Nimeifungua kwenye Mutt, programu ya imeili inayoonyesha maandishi tu, maana ndo ninayotumia kila siku, mashine yangu ya zamani na intaneti inakatika kila saa, kwenye terminali (lile dirisha la maandishi tu) nasoma imeili kumi kabla brauza haijamaliza kufungua moja. Ndani nakuta hivi: "Programu yako haionyeshi HTML. Bofya hapa kusoma ujumbe huu." HTML ni ile lugha ya kupamba imeili kwa rangi, picha na majedwali. Lakini hapa wapi sasa? Linki hamna! Neno "hapa" limebaki peke yake, anwani imefutwa na hicho kiprogramu chao kinachogeuza HTML kuwa maandishi. Sikukata tamaa, nikaichukua ile sehemu ya HTML nikaipitisha kwenye lynx, brauza ya maandishi tu, ikatoka jina la picha bango_jipya2.png na chini yake "usijibu ujumbe huu", basi. Nikaona ni bango la kushukuru waombaji, maana hata kichwa kinasema asante, nikaendelea na mambo yangu.

Jumatatu saa 5 asubuhi napigiwa simu, "mbona hukutokea kwenye usaili?" Usaili upi? Kumbe siku, saa na mahali vyote vimechorwa ndani ya lile bango, na bango lenyewe halimo kwenye imeili, limekaa kwenye seva yao! Namweleza yule dada ananijibu wenzako wote wameiona. Hilo ndo limenichoma zaidi, yaani kosa limekuwa la kwangu kwa sababu ya programu ninayosomea.

Na sio mimi tu. Kuna programu kibao zinazuia picha za mbali mpaka ubonyeze kuziruhusu, na zina sababu, maana kipicha cha pikseli moja kinatosha kumwambia aliyetuma kwamba umefungua na saa ngapi. Mtu aliyezuia picha hivyo naye angeona nini kwenye lile bango? Nina rafiki haoni, anatumia kisoma skrini, imeili za namna hii kwake ni "picha, linki, picha, linki" halafu kimya, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuandika maneno mbadala ya picha.

Kinachouma ni kwamba hili tatizo lilishatatuliwa zamani. MIME, yaani kanuni za kupanga imeili yenye sehemu nyingi, ilitoka 1992, na humo humo kuna multipart/alternative: unatuma ujumbe ule ule mara mbili ndani ya imeili moja, kwanza maandishi matupu, mwisho HTML yenye mapambo yako, kila programu inachukua ile ya mwisho inayoiweza. Mwenye Outlook, programu ya imeili ya Microsoft, anaona rangi, mimi wa Mutt naona maneno, hamna anayeonewa. Lakini sharti lake ni kwamba sehemu zote mbili ziwe zinasema kitu kilekile, sasa wewe unapoweka "programu yako haionyeshi HTML" kwenye ile sehemu ya maandishi unaiambia mashine yangu kwamba huo ndo ujumbe, inakuamini, inanionyesha uongo.

Sisemi HTML ifutwe. Ankara yenye safu nne ukiiandika kwa maandishi matupu ikafunguliwa na fonti ambayo herufi zake hazina upana sawa inavurugika yote, hapo jedwali la HTML ni msaada kweli. Na sisi wa maandishi matupu tuna makosa yetu, tunakata mistari kwenye herufi 72 halafu mtu wa simu anasoma sentensi imekatwakatwa kama imetafunwa na panya, wakati format=flowed, inayoiruhusu programu ya msomaji kuunganisha upya mistari hiyo, ipo tangu 1999 na wengi wetu hatujaiwasha. Najua pia watengeneza templeti za imeili wanateseka, Outlook ya 2007 ilianza kuchora HTML kwa injini ya Word, programu ya kuandikia nyaraka, ndo moja ya sababu mpaka leo wanapachika majedwali ndani ya majedwali. Nawaonea huruma kabisa. Ila kuandika "Jumatatu saa 3 asubuhi, ghorofa ya pili" kama maneno haihitaji injini yoyote, ni mstari mmoja jamani!

Herufi nzito weka, rangi weka, nembo weka. Tarehe, saa, kiasi cha pesa, namba ya kumbukumbu viandikwe kama maandishi kwenye sehemu zote mbili, ya maandishi matupu na ya HTML, na linki iandikwe anwani yake nzima. Nimewaandikia kuomba siku nyingine, mpaka sasa kimya.

Kama kazini kwenu wewe ndo unayeshika hizo templeti, leo chukua imeili ya mwisho mliyowatumia watu, zima picha, fungua ile sehemu ya maandishi matupu, uangalie kama mtu anaweza kujua anatakiwa wapi na saa ngapi.