Shahidi mtaalamu wa ulevi kwenye kesi za ubakaji: aitwe au asiitwe?

Wapo wanaoshikilia kwamba mlevi anajulikana na kila mtu, kwa hiyo kumleta mtaalamu aeleze ulevi ni kuipotezea mahakama muda. Mimi nasema aitwe, na upande wa mashtaka ndio umwite, hasa pale mlalamikaji anapotamka "sikumbuki".

Mtu aliyekunywa nyingi kwa haraka anaweza kutembea, kuongea, hata kupiga simu, ilhali ubongo wake hauhifadhi chochote kwa sababu pombe imeivuruga hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya. Hajazimika, ni kumbukumbu tu iliyokatika. Wengi hawaijui tofauti hiyo. Wakili wa utetezi anaonyesha picha za kamera: huyu hapa anapanda ngazi mwenyewe, leo eti amesahau! Asipokuwepo wa kueleza, mama wa watu anatoka mahakamani akiitwa mwongo kwa kusema kweli. Hilo linaniuma.

Ila elimu hiyohiyo inakata kuwili, na mtaalamu mwaminifu ataungama: kutokumbuka peke yake hakuthibitishi kwamba hakuridhia. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishaamua mwaka 2007 kwamba aliyelewa bado anaweza kuridhia, lakini uwezo wa kuridhia unaweza kumtoka mapema kabla hajapoteza fahamu. Kesi nyingi zinaangukia katikati hapo.

Ninapopata wasiwasi ni kwenye hesabu. Mwili huondoa takribani miligramu 10 hadi 20 za pombe kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, na wengine huzidi. Damu ikichukuliwa saa nane baada ya tukio, kupiga hesabu ya kurudi nyuma hadi wakati wa tukio kunaleta pengo la miligramu 80 kati ya kadirio la chini na la juu, yaani sawa na kikomo kizima cha pombe kwa dereva wa England. Mara nyingi pombe imeshakwisha mwilini, hesabu inabaki kutegemea glasi ambazo watu wanadhani alikunywa. Tena mzoefu na asiyezoea hawalewi sawa kwa kiwango kilekile. Mtaalamu anayetaja namba moja tu, bila kutaja pengo, asisikilizwe.

Swali la ridhaa libaki kwa jaji au wazee wa baraza. Mtaalamu aeleze pombe inavyofanya kazi, aishie hapo. Najua baadhi ya waendesha mashtaka wanataka aulizwe moja kwa moja: "Mtu wa hali hii angeweza kuridhia?" Mnaotetea swali hilo, nielezeni: mtamzuiaje asiihukumu kesi?