Mrejesho: kompyuta chache, darasa kubwa

Wakuu, niliwauliza nifundisheje hisabati kwa kompyuta wakati mashine hazitoshi na intaneti hakuna. Asanteni sana. Nimeshika ushauri wa GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo ya hisabati, maana ukishaisakinisha haidai mtandao. Nawapanga watatu watatu: mmoja anashika kipanya, mwingine anasoma swali, wa tatu anaandika, kisha wanabadilishana. Kwenye y = ax² wanaburuta thamani ya a; ikipita sifuri kuwa hasi, grafu inapinduka kama bakuli na darasa zima linapiga kelele. Ila kabla ya kuburuta, kila mtu achore kwanza daftarini anachotarajia. Bila hivyo inageuka mchezo tu. Maswali ya kuchagua nimeyatupa, wanabahatisha mno. Kolibri, ile programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, bado; nasubiri ruta ya kuunganisha kompyuta.