Tupeane uzoefu: mliokaa maeneo ya SPLA, jeshi la waasi wa kusini mwa Sudan, kabla ya 2005, raia waliwaunga mkono kwa hiari?

Mwenye mada
Wakuu, jana kijiweni tumebishana hadi chai ikapoa. Jamaa anasema SPLA walidumu msituni toka 1983 kwa sababu ya bunduki za Mengistu, mtawala wa Ethiopia, basi. Nikamwambia Mengistu alianguka Mei 1991, na Agosti hiyo hiyo makamanda Riek Machar na wenzake wakajitenga na Garang, mkuu wa SPLA, kule Nasir. Mbona hawakuisha? Leteni mliyoyaona kwa macho.

Mpakiaji wa Loki
Nilibeba magunia ya misaada ya kwenda kusini mwa Sudan, pale Lokichoggio, Kenya, kuanzia 1996. Khartoum ndiyo ilikuwa serikali, lakini ukishuka kule bila kibali cha SRRA, idara ya misaada ya waasi, unarudishwa ulikotoka. Nimeona daktari Mzungu, kajaa jasho, anamsubiri kijana wa kandambili atafute muhuri. Hapo nikajua nani mwenye nchi.

Binti Kajo Keji
Hiyo "kwa hiari" inanichekesha. Wenye bunduki walikuja kwetu jioni, wakabeba madebe mawili ya mtama na mbuzi wa bibi, tena mwenye mimba. Wa upande gani, nanyamaza. Wengi wetu Equatoria tuliwaita SPLA jeshi la Wadinka, na hatukuwa tunawasifu. Ila Antonov, ndege ya mabomu ya serikali, ikianza kunguruma juu, huulizi kabila la mtu. Mnarukia shimo moja, wewe na huyo huyo uliyemlaani asubuhi. Khartoum iliwatafutia watu kuliko hotuba zote za Garang.

Dereva wa Koboko
Dada kasema kweli, lakini mambo yalibadilika kiasi. Nilikuwa napeleka chumvi na sabuni mji wa Yei baada ya SPLA kuiteka 1997. Siku moja nikagonga baiskeli ya mzee. Nikajua leo nimekwisha, lori linakwenda. Wakanipeleka kwa chifu, chini ya mwembe. Wazee wanne, maneno mengi, nikatozwa bei ya baiskeli na kuku wawili. Askari alikuwepo, kakaa pembeni anamenya embe. Hakutia neno.

Mwenye mada
Huyo askari wa embe ndiye jibu langu. Mkutano wao wa Chukudum, 1994, uliamua utawala wa kiraia utengane na jeshi. Kwenye karatasi zaidi kuliko mitaani, sikatai, lakini chifu akihukumu na bunduki ikanyamaza, mtu anaanza kuona ana serikali.

Mpakiaji wa Loki
Na kwenye kura ya maoni ya 2011 asilimia 98.83 walitaka kujitenga na Sudan. Binti Kajo Keji, wewe ulipiga?

Binti Kajo Keji
Nilipiga. Karatasi ilikuwa na picha mbili, mikono iliyoshikana ni umoja, mkono mmoja ulioinuliwa ni kutengana. Nikaweka dole gumba kwenye ule mmoja, nikalia. Mbuzi wa bibi hajalipwa mpaka leo.